Samaki Mkavu Naye Hukunjika

Nenda kanisa lolote la Kamina Jumapili, la Katoliki au la Kimetodisti, ukae safu za nyuma. Subiri kiongozi aseme "tupige magoti". Vijana watashuka mara moja. Akina mama watashuka, wengi wao. Kisha watazame wanaume wa miaka arobaini na mitano kwenda juu. Mmoja atainamisha kichwa tu. Mwingine atasogea ukingoni mwa kiti, aegemeze viwiko mapajani, abaki hapo katikati, hajakaa wala hajapiga magoti. Yule atakayejaribu kushuka kweli, wakati wa kuinuka ataweka kiganja gotini, atatafuta mgongo wa kiti cha mbele, na utamsikia: "Eeh, Yesu wangu!" Ombi hilo halihusu dhambi, linahusu goti.

Nayaona hayo hayo kwenye matanga. Nayaona stesheni, abiria wanaposhuka treni ya Lubumbashi baada ya kukaa juu ya mizigo kwa siku kadhaa. Nayaona kwenye vibaraza vya ofisi, ambazo zimeongezeka tangu Kamina iwe makao makuu ya Haut-Lomami mwaka 2015. Ukiuliza, jibu ni moja: "Uzee, yaya." Uzee gani wa mtu ambaye mtoto wake wa mwisho bado yuko shule ya msingi?

Msimamo wangu ni huu: mtu wa Kamina aliyevuka miaka arobaini aanze yoga. Ndiyo, yoga ile ile iliyotoka India, ya kujinyoosha, kujikunja na kupumua polepole juu ya mkeka. Na siwaambii makarani peke yao. Nawaambia hasa watu wa jembe, wa kinga (yaani baiskeli) na wa reli, kwa kuwa hao ndio wanaoapa kwamba hawaihitaji.

Najua methali nitakayorushiwa: samaki mkunje angali mbichi. Sisi tungekuwa watu wa mwisho kuiamini kichwa kichwa. Samaki tunaowala hapa wengi hutoka Upemba na mabwawa ya Lualaba upande wa Bukama, na hufika sokoni wamekauka kabisa. Mama yeyote anajua dawa yake. Akimkunja papo hapo atamvunja. Akimloweka maji ya vuguvugu, akampa muda, atakunjika na kuingia sufuriani mzima. Mwili wa miaka hamsini unataka hayo hayo: joto, muda, bila kuvunja. Methali ile ilitungwa kwa ajili ya malezi ya watoto. Magoti hayamo.

Jembe halinyooshi

"Mimi nalima. Zoezi la nini tena?" Hiyo ndiyo hoja kubwa, na ina heshima yake. Mtu anayeamka alfajiri kwenda shambani, akarudi na kuni, akatwanga mihogo jioni, ukimwambia afanye mazoezi anaona unamtania.

Lakini itazame kazi yenyewe. Kazi hurudia. Mwenye jembe huinama mbele mara maelfu kwa msimu mmoja, na hajawahi kukutana na jembe lililomtaka ajikunje kwenda nyuma. Anayesukuma kinga iliyopakiwa magunia ya makaa kutoka vijijini, mkono mmoja umeshika usukani na mwingine unasukuma mzigo, upande ule ule, mwaka hadi mwaka. Fundi cherehani shingo yake imeelekea kitambaa tangu asubuhi. Mfanyakazi wa reli anayebadilisha mataruma huinua na kushusha, huinua na kushusha. Kila mmoja wao ana nguvu. Asichokuwa nacho ni nafasi ndani ya viungo vyake. Msuli unaofanya kazi bila kunyooshwa huzoea kuwa mfupi, na kiungo kisichozungushwa mpaka mwisho wa mzunguko wake hupoteza ule mwisho, kidogo kidogo, bila kelele.

Ndiyo maana unamkuta baba anayeweza kubeba gunia la mahindi mgongoni lakini hawezi kuangalia nyuma bila kugeuza mwili mzima. Sasa mpe huyo baba pikipiki na abiria wawili, umpeleke kwenye njia panda. Hapo ugumu wa shingo si shida yake binafsi tena.

Akina mama wana nafuu kidogo ya nyonga, kwa sababu wanakaa mkekani, wanachutama mbele ya moto, wanainama kutoka kiunoni huku miguu imenyooka. Mabega yao ndiyo yanayolipa. Mwambie mama aliyetwanga sombe miaka thelathini ainue mikono yote miwili ikae sambamba na masikio, viwiko vimenyooka, uone itakapoishia.

Heshima inayokausha magoti

Hapa nitasema jambo ambalo wazee wangu wanaweza wasilipende. Sehemu ya ugumu wetu inatokana na adabu zetu nzuri.

Fikiria maisha ya mwanaume wetu. Mpaka miaka thelathini anakaa popote: chini, juu ya jiwe, kwenye kigogo. Siku anapoanza kuitwa "muzee", na Kamina mtu huitwa hivyo mapema akiwa na tumbo kidogo na kazi ya maana, kila kitu kinabadilika. Akiingia nyumba ya watu, mtoto anakimbia kumletea kiti. Akiangusha ufunguo, mtoto anauokota kabla hajainama. Viatu vyake vinaletwa miguuni. Maji ya kunawa yanaletwa mbele ya bukari, yeye ananyoosha vidole tu. Akijaribu kukaa mkekani pamoja na wajukuu, mke wake anashtuka: "Baba, chini tena? Watu watasemaje?" Yote hayo ni mapenzi, na mimi sitaki watoto waache kuleta viti. Ila hesabu yake ni hii: kuanzia miaka arobaini na tano, mtu huyo hana sababu hata moja katika siku nzima ya kufika ardhini na kurudi. Miaka kumi baadaye hawezi, na tunasema ni umri.

Kiti kwetu ni cheo tangu zamani. Wafalme wa Luba walikuwa na lupona, kiti cha enzi kilichochongwa, mara nyingi kikibebwa na sanamu ya mwanamke, na vingine sasa viko kwenye makumbusho ya Ulaya. Lakini vile vilikuwa vifupi, na aliyekalia alijua kukunja magoti. Kiti chetu cha plastiki hakimdai mtu chochote.

Kuna daktari wa Brazil, Claudio Gil Araújo, ambaye yeye na wenzake waliwapima watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80 kwa jaribio rahisi mno: kaa sakafuni, kisha simama. Unaanza na alama kumi, tano za kushuka na tano za kuinuka. Kila unapoegemea mkono, goti au kiganja pajani, unapoteza alama moja, ukiyumba, nusu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Waliopata alama za chini walikufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata kuliko waliopata alama za juu. Mwaka 2024 Araújo huyo huyo alitoa matokeo mengine, safari hii juu ya unyumbufu wa viungo kwa watu zaidi ya 3,000 wa miaka 46 hadi 65, na mwelekeo ukawa ule ule. Tusiyapindishe maneno: hakuna aliyethibitisha kwamba kujinyoosha peke yake kunarefusha maisha, maana mtu mgonjwa huwa mgumu pia. Lakini jaribio la kwanza halihitaji mashine wala pesa. Lifanye leo jioni, mtu mmoja akiwa karibu, mbali na kona ya meza. Alama zako ni siri yako.

Malkia aliyesimama kwa kichwa

Wengine wanasema yoga ni ya wasichana wembamba wa kwenye simu. Nitawajibu kwa jina wanalolijua wote waliosoma historia ya Katanga. Lubumbashi iliitwa Élisabethville tangu kuanzishwa kwake mwaka 1910 hadi 1966, kwa heshima ya Elisabeth, malkia wa Ubelgiji. Mwaka 1928 alizuru Kongo pamoja na mumewe, mfalme Albert I, na ni mwaka huo reli hii inayopita Kamina ilipofika Port-Francqui, Ilebo ya leo. Malkia huyo alizaliwa mwaka 1876. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa amevuka miaka 80, alianza kufundishwa yoga na Mhindi aitwaye B.K.S. Iyengar, aliyejulikana Ulaya kupitia mpiga fidla Yehudi Menuhin. Malkia hakutaka vitu vyepesi. Alitaka kusimama kwa kichwa, na alifundishwa akasimama.

Simtaji kwa sababu alikuwa malkia. Utawala ule ulipitaje hapa kwetu tunajua. Namtaja kwa sababu ya umri wake. Mtu wa miaka 50 anayesema amechelewa, amechelewa kulinganisha na nani?

Na Iyengar mwenyewe hakuzaliwa mwenye mwili wa mpira. Alizaliwa Bellur, kusini mwa India, mwaka 1918, wakati homa kuu ilipokuwa ikiua watu dunia nzima, na utoto wake ulijaa malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Utoto gani huo ambao hatuujui hapa? Alipoanza kufundishwa yoga na shemeji yake Krishnamacharya huko Mysore mwaka 1934, alikuwa kijana dhaifu, mgumu wa viungo. Alikufa mwaka 2014 akiwa na miaka 95.

Jirani zetu wa Nairobi nao hawakusubiri kuwa matajiri. Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilichukua vijana wa mitaa ya mabanda, ikawafanya walimu, na kwao yoga imekuwa ajira.

Je, mchungaji atasemaje?

Swali hili siwezi kuliruka katika mji wenye kanisa kila kona, mji ambao una hata Chuo Kikuu cha Kimetodisti. Nimesikia ikisemwa kwamba anayefanya yoga anaabudu mashetani ya Wahindi bila kujua. Tusiicheke hofu hiyo. Yoga kweli ilikulia ndani ya dini za India, na anayesema haina uhusiano wowote na dini hajasoma. Lakini hizi namna za kusimama na kujinyoosha zinazofundishwa leo, wanahistoria wanatuonyesha kwamba nyingi zilipangwa katika karne ya 20, hasa kwenye jumba la mfalme wa Mysore, zikichanganywa na jimnastiki. Roma yenyewe iliandika juu ya jambo hili Oktoba 1989, katika barua kwa maaskofu kuhusu sala ya Kikristo. Ilionya watu wasichanganye imani, wala wasidhani raha ya mwili ni Roho Mtakatifu. Haikusema kwamba kunyoosha mguu ni dhambi.

Kwa hiyo acha maneno usiyoyaelewa. Usitamke jina la mungu usiyemwabudu. Pumzi unayohesabu ihesabu kwa Baba Yetu ukipenda. Msuli wa nyuma ya paja hauna ubatizo.

Plaketi ya vidonge

Nyumba zetu zinalipia ugumu huu kila wiki, ila hatuuandiki kwenye daftari. Mgongo ukiuma, mtoto anatumwa duka la dawa: vidonge vinne vya diclofenac, vinakatwa kwenye plaketi kwa mkasi. Wiki ijayo vinne tena. Mwenye presha anameza, mwenye vidonda vya tumbo anameza, na dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo, kuchosha figo na kupandisha presha. Wengine wanachanjwa chale mgongoni. Pesa hiyo ilikuwa ya daftari la shule au ya unga. Baba akishindwa kuinama msimu wa palizi, nani anaingia shambani badala yake? Binti wa kidato, siku za mtihani.

Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Kilisema tiba ianze na njia zisizo za dawa, na katika orodha yake yoga imetajwa kwa jina. Madaktari wa nchi yenye dawa zote wanaanza na mkeka. Sisi tusio na dawa tunaanza na diclofenac.

Vifaa viko uani

Kitu alichokibuni Iyengar, ambacho ndicho kilichonifanya niandike makala haya, ni kutumia vifaa ili mtu mgumu, mzee au mgonjwa naye aweze. Vifaa vyenyewe: mkanda, kiti, blanketi na tofali. Rudia hiyo orodha polepole. Katanga, nchi ya matofali ya kuchoma, tunakosa kipi?

Chukua zoezi moja tu. Lala chali mkekani. Kunja goti la kushoto, unyayo uwe chini. Zungusha kitenge kwenye unyayo wa kulia, shika ncha zake kwa mikono miwili, kisha nyoosha mguu huo juu taratibu. Utafika mahali paja la nyuma linasema "basi". Hapo usivute. Rudi nyuma kidogo, goti liwe na mkunjo mdogo, mabega yalale sakafuni, toa pumzi ndefu puani. Baki. Kwa watu wazima wataalamu wa mazoezi hushauri sekunde 10 hadi 30, na kwa wazee 30 hadi 60, siku mbili tatu kwa wiki au zaidi. Sababu ya kungoja iko ndani ya msuli wenyewe: ukivutwa ghafla, neva zake huuamuru ujikaze ili usichanike. Ukivutwa polepole na kusubiri, ile amri hulegea, na pumzi ndefu husaidia. Ndiyo maana wale vijana wa mpira wanaorukaruka kama chemchemi wakijigusa vidole vya miguu wanapoteza jasho tu.

La pili ni lile ambalo jembe halikuombi. Lala kifudifudi, viganja kando ya kifua, inua kifua kidogo kwa nguvu ya mgongo, viwiko vimekunjwa, shingo ndefu. Sentimita chache zinatosha. La tatu, shika mgongo wa kiti kizito kisichoteleza, rudi nyuma hatua mbili, kiwiliwili kishuke kati ya mikono mpaka mabega yafunguke. Magoti yakunje ukihitaji. Na kwa wale wa safu ya nyuma kanisani: piga magoti juu ya blanketi lililokunjwa, weka tofali lililofunikwa kitambaa kati ya visigino, kaa juu yake. Likiwa chini mno, weka mawili. Miezi ikipita utaondoa moja.

Video za simu zipo tele, lakini mega zinaisha na chaji pia, tena wanaofundisha humo wengi ni watu waliozaliwa wamelegea. Usiwaige. Maumivu makali ya ndani ya goti, ya kiuno yanayoshuka mguuni, au ganzi, ni amri ya kuacha. Mwenye presha, ugonjwa wa macho wa glakoma au mimba aachane kabisa na kusimama kwa kichwa, hata kama malkia alisimama. Na mgongo unaouma pamoja na homa za jioni na kukonda usipelekwe mkekani wala kwa mchanja chale. Upelekwe hospitali, maana kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo.

Tarehe 21 Juni kila mwaka dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014 kwa ombi la India. Sidhani tunahitaji kungoja siku hiyo, wala hotuba, wala mgeni rasmi. Ninachowaomba wenye kumbi za parokia, wakuu wa shule na viongozi wa wafanyakazi wa reli ni saa moja ya Jumamosi asubuhi na sakafu iliyofagiwa. Kila mtu aje na mkeka wake, kitenge na tofali. Mwalimu wa mazoezi ya viungo wa shule yoyote ya hapa anaweza kuongoza, mradi akubali kwenda kwa mwendo wa aliye mgumu kuliko wote. Na wazee wapewe nafasi za mbele, chini.